Fainali za vijana kule Jeddah: kwa nini seti inaishia gemu nne, na je, dogo wangu afundishwe hivyo?

FundiNyuzi, Arusha

Wakuu, habari za saa hizi. Najua humu jukwaani tenisi haina wenyewe, mada zote ni Simba na Yanga, ila nauliza hivyo hivyo. Nikipata watu watatu wanaoelewa nitashukuru.

Mimi kazi yangu ni kufunga nyuzi za raketi. Nilianza kuokota mipira klabuni nikiwa darasa la tano, nikawa nabaki jioni kumtazama mzee mmoja aliyekuwa na mashine ya kufungia nyuzi, ile ya kuzungusha kwa mkono. Mzee alipoacha kazi aliniachia mashine, na mpaka leo ndiyo inanilisha. Raketi zikikosekana nacheza na wanachama, wanaita "kupigiwa mipira", wananilipa kwa saa. Kwa hiyo tenisi naijua kwa mikono kuliko kwa vitabu.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka 15. Anatumia mkono wa kushoto. Tulianza naye akiwa na miaka saba, kwa raketi niliyoikata mpini ipungue urefu. Desemba 2025 tuliangalia naye kwenye simu fainali ya yale mashindano ya ATP, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume, ya vijana wa dunia nzima, Next Gen, yaliyofungia msimu kule Jeddah. Raha yake ni kwamba saa zao ni saa zetu. Hakuna kuamka saa tisa usiku kama wakicheza Melbourne kule Australia.

Walicheza Learner Tien wa Marekani na Alexander Blockx wa Ubelgiji. Tien naye ni wa kushoto, kwa hiyo dogo alishachagua upande kabla mpira haujarushwa. Nilipomwambia kwamba hilo jina Learner maana yake ni mwanafunzi, na kwamba mama yake ni mwalimu, alicheka mpaka simu ikadondoka. Nikamwambia pia hawa wawili wana deni la zamani: 2023 walikutana fainali ya vijana ya Australian Open, Blockx akashinda seti ya tatu kwa taibreki (ile gemu ya mwisho ya kuhesabu pointi inayoamua seti) ya 11-9. Safari hii Tien akalipa, 4-3, 4-2, 4-1.

Hapo ndipo dogo akaniuliza, "Mjomba, mbona seti imeishia nne? Wamechoka?"

Nikaanza kumweleza, nikajikuta sijui vizuri. Ninachojua ni kwamba mshindi ni wa seti tatu kati ya tano, seti ni gemu nne badala ya sita, mkifika 3-3 mnaingia taibreki, na mkifika 40-40 hakuna advanteji, yaani huhitaji pointi mbili mfululizo, pointi moja inamaliza. Kwa nini wameamua hivyo, na kama ni tenisi kamili au ni maonyesho, sikuwa na jibu.

Sasa mambo yamenifuata mpaka nyumbani. Klabu ninayofanyia kazi imetangaza kwamba mechi zote za watoto za Jumamosi zitakuwa za gemu nne, eti ndivyo vijana wa dunia wanavyocheza. Nadhani sababu ya kweli ni viwanja: tunavyo vinne, kimoja kina ufa katikati, na wanachama wakifika saa nne asubuhi wanataka watoto wametoka. Dogo wangu huchelewa kupata moto. Gemu mbili tatu za mwanzo huwa anapiga neti tu, halafu ndiyo mkono unafunguka. Kwenye seti ya gemu sita alikuwa anapoteza 0-2 au 1-3 halafu anarudi. Kwenye seti ya gemu nne, akishtuka amefungwa.

Maswali yangu basi. Huu mfumo una maana gani hasa? Wanaoshinda pale Jeddah kweli ndio wanaokuja kutawala? Na mwisho, kwa mtoto wa huku, nimzoeshe au nigombane na klabu?

---

Bin Kizingo

Fundi, asalaam aleikum. Mimi mzaliwa wa Mombasa, nipo Jeddah mwaka wa tisa, ni dereva. Desemba 2024 nilipata tiketi kwa mteja wangu mmoja aliyeghairi kwenda, basi nikaenda kwenye ule mji wa michezo wa Mfalme Abdullah, upande wa kaskazini. Sikuwa najua tenisi hata herufi. Nilidhani nitakaa dakika kumi niondoke.

Lililonishangaza kwanza ni kwamba mimi siku zote nilisikia tenisi ni mchezo wa kunyamaza kama msikitini. Pale la. Watu wanaruhusiwa kuinuka, kutembea, kutafuta kiti kingine huku mpira unachezwa. Ila wale wa nyuma ya wachezaji ndio hutakiwa watulie. Nyuma yangu kulikuwa na familia nzima na mtoto mchanga, wallahi, na hakuna aliyewageukia.

Jambo la pili, nilitafuta wale watu wanaoinama kwenye mistari, ninaowaonaga kwenye televisheni wakipiga kelele "auti". Hawapo. Sauti inatoka kwenye mashine. Mpira ukitoka hata kwa unywele, mashine inasema, na mchezaji hana wa kubishana naye. Nikawa nawaza, mpira wetu wa miguu ungepata hii, marefa wangelala usingizi mzuri.

Siku hiyo nilimwona yule kijana wa Brazil, João Fonseca. Miaka 18, na aliingia akiwa wa chini kabisa katika wale wachezaji wanane wa mashindano, nambari 145 ya dunia. Sijui niseme vipi, kaka. Mpira ukitoka kwenye raketi yake ulikuwa na mlio tofauti na wa wenzake. Jirani yangu Mmisri, ambaye yeye mchezo anaujua, akaniambia, "Huyu usimsahau." Kombe akalichukua yeye, hakufungwa mechi hata moja wiki nzima, akaondoka na zaidi ya dola laki tano. Na aliyefungwa fainali ni huyu huyu Tien wako! Kwenye kundi pia alishamfunga. Kwa hivyo Tien alikula vipigo viwili wiki moja, mtu mmoja, halafu mwaka uliofuata akarudi akachukua kombe. Mwambie mpwa wako hilo.

Kuhusu mambo ya gemu nne mimi sina la kusema, niliona tu kwamba hakuna mahali pa kwenda kununua kahawa. Ukitoka ukirudi seti imekwisha.

---

Mzee wa Kona

Mimi nitasema ukweli hata kama utauma. Yale ni maonyesho. Mechi zake hazina hata pointi moja ya kumpandisha mtu kwenye orodha ya dunia. Kijana akishinda zote anapata hela na picha, Jumatatu akiamka yuko nafasi ile ile. Hela zinatoka kwa mwenyeji, mwenyeji anataka jina. Yalianza Milan mwaka 2017, na kumbuka hata usiku wa kupanga makundi wa mwaka ule waliwaleta wanamitindo wa kike, herufi za makundi wamezificha mwilini, vijana wa watu wanatakiwa wachague. Dunia ikachachamaa, ATP wakaomba radhi. Ndiyo hao unaotaka wakufundishie mtoto?

Seti ni sita. Ilikuwa sita kabla babu yangu hajazaliwa. Gombana na klabu.

---

FundiNyuzi, Arusha

Bin Kizingo, waleikum salaam, umenifurahisha sana kaka. Huo mlio unaosema upo kweli. Raketi iliyofungwa vizuri ikikutana na mkono unaojua, mtu aliye nje ya ukuta anasikia. Mimi huwa namtambua mchezaji kabla sijamwona.

Mzee wa Kona, shikamoo. Kugombana na klabu ni rahisi kwako mzee, wewe hawakupi raketi za kufunga.

---

Kocha wa Alfajiri, Nairobi

Fundi, nafundisha watoto hapa Nairobi mwaka wa kumi na moja sasa, nianze na hesabu kwa sababu nadhani ndipo jibu lako lilipo.

Kwenye mechi ya kawaida, seti mbili kati ya tatu, ili ushinde ni lazima upate gemu zisizopungua 12. Sita mara mbili. Kwenye mfumo wa Jeddah ni seti tatu za gemu nne. Piga hesabu: 12 tena. Kwa hivyo hawajapunguza kazi ya kushinda hata kidogo. Walichofanya ni kuikata ile kazi vipande vitatu badala ya viwili, kila kipande kiwe na mwisho wake wa kutisha. Kwenye seti ya gemu sita mtu akivunja sevu yako mapema, yaani akishinda gemu unayoanzisha mpira wewe, una muda wa kuvunja yake nawe. Kwenye seti ya gemu nne, sevu moja ikivunjwa ni kama seti imekwenda. Ongeza na ile pointi moja ya 40-40. Mtoto anakutana na pointi za roho mkononi labda mara mbili ya alivyozoea. Hata wazo lenyewe la gemu nne halikuzaliwa Milan. Waaustralia waliutangaza mfumo wa namna hiyo mwanzoni mwa 2015, Federer na Hewitt wakacheza mechi ya kuuonyesha kule Sydney, na lengo lao kubwa lilikuwa watu wa vilabuni wasio na muda. Kwa hivyo klabu yako na viwanja vyake vinne, kimoja chenye ufa, haijakosea sana ilikoutoa!

Mzee wa Kona, shikamoo. Pointi za orodha kweli hazipo, sibishi, na yale ya wanamitindo yalikuwa aibu. Lakini nikiyaita maonyesho tu nitakuwa nimekudanganya. Ile ni maabara. Sauti ya mashine kwenye mistari yote, ambayo ndugu yetu wa Jeddah ameisikia, ilianzia pale 2017, watu wakasema ni mchezo wa kompyuta. Mwaka 2025 mashindano yote ya ATP yameitumia, na Wimbledon yenyewe, yenye mapokeo kuliko mtu yeyote, ikaacha waamuzi wa mistari mwaka huo huo. Kati ya yale manne makubwa, Roland Garros ya Paris peke yao ndio waliong'ang'ania watu wao na alama za mpira kwenye udongo. Saa ya kuhesabu sekunde 25 kabla ya sevu tuliiona Milan kabla haijaenea. Kocha kuzungumza na mchezaji wake katikati ya mechi, Milan walivaa vidude vya masikioni, leo ATP imeruhusu maelekezo kutoka jukwaani. Hata taulo: 2018 waliweka viango vya taulo nyuma ya uwanja, mchezaji ajichukulie mwenyewe, asimtupie mtoto wa kuokota mipira. Wewe Fundi uliyeokota mipira unajua uzito wa hilo.

Ila angalia kitu kimoja. Miaka yote hiyo, gemu nne haijatoka pale maabara kuingia kwenye mechi za mmoja mmoja za mashindano makubwa. Hiyo peke yake inakujibu nusu ya swali.

Kuhusu nani anatawala. Bingwa wa kwanza, 2017, alikuwa Hyeon Chung wa Korea Kusini. Miezi miwili baadaye, Januari 2018, akamfunga Djokovic kwa seti tatu kavu Australian Open, akaingia nusu fainali, akaiacha katikati mbele ya Federer kwa malengelenge ya miguu. Tukasema huyu ndiye. Halafu mgongo ukamkataa, na hajarudi pale. Kwenye Milan ile ile alimtoa Medvedev nusu fainali. Medvedev aliyetolewa ndiye aliyekuja kushinda US Open 2021 na kuwa nambari moja wa dunia. 2018 akashinda Tsitsipas. 2019 akaja Jannik Sinner, nambari 95, hakufuzu, Waitaliano walimpa nafasi ya mwenyeji tu, akachukua kombe, fainali akampiga de Minaur 4-2, 4-1, 4-2. 2020 korona, hakukuwa na kitu. 2021 Alcaraz, na miezi kumi baadaye ameshinda US Open na kuwa nambari moja akiwa na miaka 19. Halafu Nakashima 2022 na Medjedovic 2023, wachezaji wazuri, lakini hakuna anayewaita watawala. Jakub Mensik alitolewa kwenye makundi Jeddah 2024, kufika Machi 2025 amemfunga Djokovic fainali ya Miami. Kwa hivyo ukiniuliza kombe lile linatabiri nini, nitakwambia soma orodha ya wote wanane, usisome jina la bingwa peke yake.

Sasa mpwa wako. Na hapa nitakuwa mkali kidogo, unisamehe.

Umri wa mwisho wa kuingia pale zamani ulikuwa 21, mwaka 2024 wakaushusha hadi 20. Mtoto wa miaka 15 ana miaka mitano. Fonseca aliingia na nambari 145 tukamwona wa chini, na pointi za kumfikisha mtu hapo hazipatikani Jumamosi klabuni. Unaanzia kwenye mashindano ya vijana ya ITF, shirikisho la tenisi la dunia, halafu yale madogo ya watu wazima, halafu Challenger, daraja lililo chini ya mashindano makubwa ya ATP. Kwa ukanda wetu Challenger iliyo karibu ni Kigali, walianza 2024. Huko kote wanacheza seti za sita. Akizoea nne tu, siku atakayokutana na seti ya 5-5 kwenye jua la saa saba, miguu itamuuliza tunaelekea wapi.

Lakini hilo la kuchelewa kupata moto si tatizo la mfumo, Fundi. Ni lake. Mfumo umelifichua tu. Kwenye sita alikuwa anajificha ndani ya gemu mbili za mwanzo na wewe mjomba unamsubiri. Mimi ningefanya hivi: Jumamosi acheze nne za klabu, bila kugombana na mtu. Katikati ya wiki, alfajiri kabla wanachama hawajaja, acheze seti kamili. Na kabla ya kila mechi apige sevu 30 na kuruka kamba mpaka jasho litoke, asiingie uwanjani mkavu. Hawa wakubwa unaowaona wanapashana mipira dakika chache tu mbele ya kamera wameshatoka jasho mahali pengine saa nzima iliyopita.

Jambo la mwisho, linanikera kila Desemba. Wasichana hawana mashindano kama haya. Angella Okutoyi wetu alishinda Wimbledon ya vijana, wawili wawili wasichana, mwaka 2022, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Alipomaliza umri wa vijana hakukuwa na Jeddah ya kumwalika. Nina wasichana watatu wanaomfunga kila mvulana wa rika lao hapa, na wananiuliza yao iko wapi.

---

Mzee wa Kona

Marahaba, mwalimu. Hilo la hesabu ya 12 sikuwahi kulifikiria. Nakubali nusu. Seti bado ni sita.

---

FundiNyuzi, Arusha

Mwalimu, nimesoma mara mbili, mara ya pili nimemsomea dogo. Alipofika kwenye "anajificha ndani ya gemu mbili za mwanzo" akainamisha kichwa, nikajua imeingia. Na mimi imeniingia, maana ni kweli nilikuwa namsubiri.

Nilete mrejesho wa Jumamosi. Tulifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu umefunika hata Meru haionekani. Kamba, sevu 30, jasho likatoka. Akapangiwa kijana wa miaka 17, mtoto wa mwanachama, ana raketi tatu mpya na begi lenye magurudumu. Raketi zenyewe nimezifunga mimi, mkazo wa pauni 52, nyuzi za poliesta. Dogo wangu anatumia moja, ina nyufa mbili nimeziziba kwa gundi.

Seti ya kwanza alifungwa 4-1. Nikasema basi, kamba imetuchosha bure. Ya pili akavunja sevu gemu ya kwanza kabisa, kitu sijawahi kukiona akifanya tangu tuanze, akaishikilia mpaka 4-2. Ya tatu, 3-3, taibreki. Akawa mbele 6-4, akarusha sevu mbili mfululizo nje. Akafungwa 8-6. Ya nne hawakucheza, saa nne ilikuwa imefika na wanachama wameshasimama mlangoni na viti vyao vya kukunja. Hakuna aliyeandikwa mshindi.

Dogo hakusema kitu mpaka tulipofika stendi ya daladala. Akaniuliza Kigali ni mbali kiasi gani. Nikamwambia unapita Singida, Nzega, Kahama, unavukia Rusumo, ni kukesha njiani. Akasema, "Sawa," akanyamaza tena.

Alfajiri za Jumanne na Alhamisi mlinzi amekubali kutufungulia saa kumi na mbili. Seti kamili.

Bin Kizingo, ukija Mombasa likizo nitumie ujumbe. Huku roli ya nyuzi za poliesta bei yake inaniua, na nasikia huko kwenu ni nafuu. Mita mia mbili, unene wa 1.25, rangi yoyote isipokuwa nyeupe. Vumbi la huku nyeupe haiiachi hata wiki.